Mke Mwenza Kutoka Hungaria

Siku tatu baada ya arobaini ya marehemu mume wangu, alikuja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam kuitazama pikipiki. Alikuwa amesikia habari zake kwa watu, maana yeye hupenda kutafuta pikipiki za zamani na kuzipiga picha. Nilimfungulia chumba cha uani, akavuta turubai. Kisha akavua viatu. Chumba chenyewe kina vumbi na manyoya ya kuku, wala hakuna aliyemwambia avue, lakini nilimpenda kwa hilo. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye maandishi ya tangi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, unajua hii ni nini?" Nikamwambia, "Najua sana, mjukuu wangu. Huyo ni mke mwenzangu. Tena ndiye mkubwa, alinitangulia kwa miezi miwili." Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akanieleza kwamba hiyo ni Panonia, imetengenezwa Hungaria, nchi ya Wazungu isiyo na bahari, na kwamba kiwanda chake kiliacha kutengeneza pikipiki tangu miaka ya sabini. Nilimwachia aseme yote, kwa sababu si vizuri kumkatiza mgeni anapokueleza habari za nyumba yako. Alipoondoka nilibaki palepale kwenye kigoda, mlango wazi, na mwaka mmoja mzima ukanirudia. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa miezi saba, na nilikuwa nimeshaamua kuachika.

Tulikaa Kihesa, Iringa, vyumba viwili vya kupanga. Cha nyuma tulilala sisi. Cha mbele alilala yeye, Panonia, juu ya magunia yaliyofuliwa, na kumzunguka zilikuwa cherehani za watu zilizosubiri matengenezo. Mume wangu, Fundi Idrisa, alikuwa fundi wa cherehani anayejulikana kutoka Iringa mpaka Mbeya. Mwaka mzima alizunguka, leo Ifunda, kesho Makambako, wiki ijayo Madibira, popote palipokuwa na mshona nguo aliyekaa barazani akiitazama cherehani iliyogoma. Pikipiki ile aliipata kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku. Mgiriki aliiagiza ikiwa mpya, dereva wake akaitia petroli tupu kama alivyozoea kutia kwenye lori, ikakata moto njiani na haikuwaka tena. Mashine za namna ile hunywa petroli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na ukizinyima mafuta hayo, chuma kinakula chuma. Mgiriki akaitupa stoo. Fundi akamwomba, akaifungua yote mpaka skrubu ya mwisho, akasugua silinda kwa mkono wiki tatu, akaifunga tena. Siku ilipowaka, waliniambia majirani, alikaa chini kwenye vumbi akaifunika taa yake kwa kofia yake.

Nami nilikuta ndoa hiyo tayari. Kila siku mume wangu alirudi magharibi, akasali, akala nilichopika, ugali na mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, akasema, "Asante, Bi Hadija," kisha akabeba taa ya chemli kwenda chumba cha mbele. Aliniita Bi Hadija jinsi alivyowaita wateja wake. Hakunipiga, hakunitukana, hakuninyima kitu. Hakusema tu. Niliweza kumweleza habari za kisima, za jirani aliyejifungua mapacha, za mvua iliyoezua paa la shule, naye akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini nikiwa kitandani nilimsikia akiongea na ile mashine, polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa ameamkaje. "Aliyekaza hii alikaza vizuri," alisema. "Huyu alikuwa na mkono." Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa na mke mwenza anajua jinsi inavyouma kusikia vicheko chumba cha pili. Wangu hakucheka, lakini aliongeleshwa.

Siku moja yule Mgiriki alikuja kuiona ilivyofufuka. Nilipeleka kahawa, nikarudi nyuma ya pazia, nikasikiliza kama kawaida yangu. Alimwambia Fundi kwamba kiwanda kilichotengeneza mashine ile kiko kwenye kisiwa, katikati ya mto mkubwa sana, ndani ya mji mkuu wa nchi ile. Kisiwa kizima ni moshi na vyuma. Akasema mwaka juzi wafanyakazi wa pale walipigana na vifaru, siku nyingi, na wengi walikufa. Fundi akauliza, "Na hii ilitengenezwa kabla au baada?" Mgiriki akacheka, akasema hajui. Fundi hakucheka. Mgeni alipokwenda, alitoa kitabu kidogo kilichokuja na pikipiki, akakaa nacho mpaka chai ikapoa. Kitabu kile hakuna aliyekiweza Iringa nzima. Alikipeleka misheni kwa Mapadri Waitaliano, wakasema si Kiitaliano wala si Kilatini. Alikipeleka kwa mchungaji Mjerumani, akasema yeye pia anaona herufi tu. Basi Fundi alisoma picha.

Aliposafiri kwenda Madibira kwa basi, kwa sababu pikipiki ilikuwa ikisubiri mpira, nilikichukua kitabu kile kwa hasira. Nilitaka kuona ana nini huyu mwanamke. Niliona silinda iliyokatwa katikati, niliona mishale, niliona mnyororo uliofichwa ndani ya kasha lake ili vumbi lisiuguse. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya chumba kirefu kisicho na mwisho, na ndani yake walikuwa wanawake. Wamefunga vitambaa kichwani, mikono ya nguo imekunjwa, wanapanga spoki kwenye magurudumu. Mmoja ametazama kamera kama mtu aliyeitwa akiwa na kazi mkononi. Nilikitazama kile kitabu mpaka maharage yakaungua. Sikuwa najua kwamba mwanamke anaweza kutengeneza kitu kama kile. Nilikwenda chumba cha mbele nikashika gurudumu lenyewe, nikagonga spoki moja kwa ukucha, ikalia, nikagonga nyingine, ikalia sauti ileile, na zote zilizobaki sauti ileile. Lakini Fundi aliporudi alisema, "Habari za hapa, Bi Hadija," akapita kwenda kuitazama. Kesho yake baada ya chai nikamwambia, "Fundi, nirudishe kwetu."

Alikiweka kikombe chini. Nilitaka aulize sababu. Akasema, "Sawa. Nitakupeleka mwenyewe, kwa heshima." Basi. Aliandika barua kwa baba yangu Iyunga, kule Mbeya, akafunga sanduku langu kwa kamba na kulitanguliza kwa basi, maana kwetu mke anayerudi hurudi na sanduku lake, na mume muungwana humfikisha mpaka barazani kwa wazee, si kumpakiza tu kama mzigo. Huko barazani mwanamke mwenyewe husema mbele ya watu kwamba ameomba kurudi. Akishasema, imekwisha. Mumewe hutamka talaka, kila mtu anashika njia yake. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu.

Tuliondoka Juni, baridi ya Iringa ikiwa inakata masikio. Nilikaa upande, miguu pamoja, buibui nimelifunga kiunoni, nimeshika chuma cha nyuma ya kiti ili nisimshike yeye. Kwenye mzigo kulikuwa na dumu la petroli, chupa ya mafuta ya mashine, na sufuria ya shaba aliyonipa mama yangu, ambayo Fundi alisema itangulie na sanduku nami nikakataa. Niseme kweli, mpaka Ifunda nilikuwa nimenuna. Baada ya hapo nilishindwa kununa. Sijawahi kwenda mbio namna ile juu ya kitu kisicho na kuta. Misonobari ilipita, vilima vilipita, ng'ombe waliinua vichwa, na ile sauti, nyembamba, kali, isiyokatika, ilituvuta kama uzi unaotoka kwenye bobini ya cherehani. Silinda moja tu, mabomba mawili ya moshi, moja kila upande. Tulipopumzika Makambako, nilijisahau nikamuuliza imewezaje. Fundi alinitazama kwa mshangao, akaniambia ndani ya injini ile vitu vinavyotembea ni vitatu tu. Injini nyingine zina milango yake na vipuli vya kuifungua. Hii haina. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, inafungua dirisha na kufunga dirisha. "Vitatu tu," alisema, akanionyesha vidole vitatu. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mara moja.

Tulishuka kuelekea bonde la Usangu. Barabara ya udongo ilikuwa imejaa matuta madogo madogo, tukitetemeka mpaka meno. Tulipita Igawa, na mbele kidogo Fundi akasimama ili aongeze petroli kwenye tangi. Akafungua mzigo. Sufuria yangu ya shaba ilikuwa imeigonga chupa njia nzima, chupa ilikuwa vipande, mafuta yote yamenywewa na gunia. Hakuna duka, hakuna gari, na petroli tupu ndiyo iliyoiua mashine ile mara ya kwanza. Nilisubiri anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Aliokota vipande vya chupa kimoja kimoja visije vikamchoma mtu mguu, akaanza kuisukuma pikipiki, nami nikafuata nyuma na sufuria yangu kichwani.

Tulisukuma mpaka nyumba moja ya wafugaji wa Kisangu. Mwenye nyumba alijitambulisha kuwa Baba Lutengano, mzee mrefu mwenye blanketi, na mkewe, Mama Lutengano, akatoka jikoni akifuta mikono. "Kamwene," tukasalimiana. Hawakuuliza kitu mpaka tumekunywa maziwa ya mgando. Kisha mimi nikaingia jikoni kumsaidia mama, ugali wa uwele na samaki mkavu wa Ruaha, na wanaume wakabaki nje na ile mashine. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, nusu yake umebomoka. Nilisikia kila kitu.

"Huyu mwanamke unapeleka wapi?" aliuliza Baba Lutengano.

"Namrudisha kwao."

"Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Kosa ni langu," alisema Fundi. "Nimekaa miaka kumi na mbili na vyuma peke yangu. Nimesahau namna ya kuongea na mtu."

"Umemwambia hiyo?"

"Mzee, ningeweza kumwambia, ningekuwa najua kuongea."

Yule mzee alicheka sana, akacheka mpaka akakohoa. Mama Lutengano alinitazama, kijiko cha ugali kimesimama mkononi. "Umesikia mume yako?" akaniuliza polepole. Nilifuta macho. Nilisingizia moshi.

Palikuwa na kibuyu kidogo kinaning'inia juu ya jiko, na mama alipotaka kupaka ngozi ya mtoto wake mdogo alikishusha akamimina mafuta mazito, ya manjano. Niliyajua kwa harufu. Ni mafuta ya mbarika, yale wengine huyaita ya nyonyo, ambayo bibi yangu alinipaka nywele zamani na kulainishia bawaba za milango. Nilikumbuka jinsi ambavyo hayatoki mkononi hata ukisugua kwa majivu. Nikatoka nje na kibuyu kile, nikamwambia Fundi, "Jaribu haya." Baba Lutengano akaanza kucheka tena. Fundi hakucheka. Alichovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akafumba macho. Alipofumbua alinitazama mimi, si mashine. "Umeyajuaje?" akauliza. Nikamwambia habari za bawaba. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali jingine, nikajibu, akauliza jingine.

Alichanganya jioni ile ndani ya dumu kwa kukoroga na kijiti. Asubuhi, kwa baridi, mafuta yalikuwa yameshuka chini kama asali, petroli imekaa juu yake. Akakoroga tena, yakashuka tena. Niliona mabega yake yakilegea. Mama Lutengano alikuwa kizingitini, kibuyu cha maziwa mapajani, anakisuka kupata siagi kama alivyofanya kila siku. Akasema bila kusimamisha mikono, "Wewe unakoroga. Hii haikorogwi. Hii inasukwa. Lakini kwanza mafuta ipate joto kidogo, kama maziwa." Alitupatia kibuyu kikuukuu kisicho na kazi. Mafuta mengine, yasiyoguswa na petroli, tukayaweka karibu na jiko mpaka yakalegea, tukaenda mbali na moto, tukamimina humo na petroli, tukaziba. Tulikaa chini juani, mimi na mume wangu, uso kwa uso, kibuyu katikati, tukisukasuka kwa zamu kama tulivyoonyeshwa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bila haraka.

Hapo ndipo aliponiambia. Alisema alikiona kile kitabu, ukurasa wa mwisho, kabla hajanioa, na tangu siku ya kwanza alitaka kunionyesha wale wanawake, ila aliogopa nitamcheka kwamba anaoa mke ili amwonyeshe picha za spoki. Nikamwambia nimeshawaona. Nikamwambia nimegonga spoki zote. "Zote?" akauliza. "Zote. Zinalia sauti moja." Mikono yake ikasimama. "Hadija," alisema, bila Bi, "zinalia sauti moja kwa sababu aliyezikaza alisikiliza. Nami sijui kama mtu huyo yuko hai." Macho yake yalikuwa na maji, wala hakuyaficha. Nilielewa basi kwamba miezi yote ile hakuwa akiongea na chuma. Alikuwa akiongea na watu waliokitengeneza, wale wa kisiwani, kwa sababu hao walikuwa mbali na hawangeweza kumjibu vibaya.

Tulipomimina mchanganyiko ule kwenye tangi, pikipiki iliwaka kwa teke la tatu. Moshi wake ulinuka nywele za bibi yangu siku ya Idi. Tulisimama kila baada ya muda ili mafuta yasijitenge, yeye kashika usukani, mimi nimeshika kiti cha nyuma, tukaitikisa huku na huku, na wapita njia wakatucheka kwamba tunabembeleza chuma kilale. Kabla ya kupanda mlima kuelekea Igurusi aliniambia nikikaa upande nitaanguka. Nikapanda kama mwanamume, buibui limekunjwa, nikamshika kiunoni. Ikapanda. Watu wawili, mzigo, sufuria ya shaba, na kilima kile ambacho malori yalikipanda kwa kuugua, nayo ilikwenda bila kubadili sauti. Niliwaza jinsi wanawake wa mji nisioujua walivyokaza spoki wakati vita inakuja, na mwanamke wa Usangu akakamua mbarika kwa ajili ya ngozi ya mtoto wake, na hakuna kati yao aliyejua habari za mwenzake, na kazi za mikono yao zikakutana chini yangu kwenye kilima hiki. Nilihisi woga ule ambao mtu huupata msikitini akiwa peke yake. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimepanda hata ndege, lakini sijawahi kustaajabu vile tena.

Iyunga walitusikia kabla ya kutuona. Baba yangu alikuwa barazani na wajomba wawili, sanduku langu lipo mbele yao na kamba zake, halijafunguliwa. Mama alipoona nilivyokaa alishika mdomo. Nilishuka nikajifunika vizuri, nikawashika mikono wakubwa, nikakaa mkekani. Fundi alibaki amesimama karibu na mashine, mikono imejaa mbarika mpaka viwikoni, macho chini.

"Mwanangu," baba alisema, "barua ya mumeo imefika na sanduku limefika. Sasa sema mwenyewe, hawa wasikie."

Maneno niliyoyapanga yalikuwepo. Nilimtazama Fundi. Hakuinua macho, na niliona kwamba hataniomba kitu, atanipa ninachotaka kama alivyoahidi, kwa heshima, hata kama kitamvunja.

"Baba," nikasema, "tumekuja kuwasalimia. Tukipumzika siku mbili tatu tunarudi."

Mjomba mkubwa akalinyooshea kidole sanduku. "Na hili?"

"Nalo limekuja kusalimia."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha wajomba, baba akatikisa kichwa akaagiza ndizi ziletwe. Fundi aliomba maji ya kunawa, akazunguka nyuma ya nyumba. Alikawia huko. Kaka yangu aliyempelekea sabuni aliniambia baadaye kwamba alimkuta amechuchumaa, bomba la maji limefungwa, analia kama mtu aliyepokea maiti akakuta yuko hai.

Siku ya nne tukaondoka. Tulishuka ule mlima, tukafika Chimala ambapo barabara inalala sawa na bonde linafunguka mpaka macho yanachoka. Akasimama pembeni, akashuka, akavua kinga zake za macho akanivalisha mimi juu ya ushungi. "Hadija," alisema, "kaa mbele." Nilimwambia sijui. Akasema ndani yake kuna vitu vitatu tu, na vyote nimeshavijua. Nikakaa mbele. Ilizimika mara nne, mara ya tano ikakubali. Kutoka pale mpaka Igawa niliendesha mimi, mume wangu nyuma, amenishika kiuno kwa mikono miwili, akinieleza habari za utoto wake, za mama yake, za cherehani ya kwanza aliyoifungua akashindwa kuifunga, na njia nzima hakunyamaza.